Jina la Kisanii Halifiki Gerezani

Barua yangu ya kwanza kwa rapa wa Kichicano, Mmarekani mwenye asili ya Meksiko, aliyefungwa ilirudi baada ya majuma matatu, haijafunguliwa, ikiwa imegongwa muhuri juu ya anwani. Kwenye bahasha nilikuwa nimeandika jina lake la kisanii, lile lililochapishwa kwa herufi za kale zenye mapambo kwenye jalada la kila CD yake niliyokuwa nayo, wala haikunijia akilini kwamba ndani ya magereza ya jimbo la Texas hakuna mtu anayeitwa hivyo. Huko mtu ana jina la cheti cha kuzaliwa, ana namba ya mfungwa, na ana jina la gereza analokaa. Wakati huo bahasha isiyo na hayo matatu haikuwa na mwenyewe. Nilikuwa nimesikiliza mashairi ya mtu huyo kwa miaka minne, mengine nimeyahifadhi kichwani neno kwa neno, na bado sikulijua jina alilopewa na mama yake.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja aliyekuwa akiuza CD na fulana kwenye magulio ya barabara ya Airline Drive, Houston, nilipokuwa nikiishi mjini humo. Aliniita *mijo*, yaani mwanangu, kama alivyomwita kila kijana aliyesimama mbele ya meza yake, akachukua karatasi ya risiti, akaniandikia jina kamili na namba, kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: barua hiyo ikimfikia, ya pili nitaiandika lini? Alikuwa amewaona wengi wa aina yangu. Huandika mara moja wakiwa na joto la wimbo mpya, hupata majibu, huyapiga picha na kuyaonyesha watu, na baada ya hapo hawaonekani tena. Rapa mwenyewe simtaji jina hapa kwa sababu hajaniruhusu nimtaje. Nitakachosema ni kwamba alikiri kosa lake mahakamani, kwamba ipo familia iliyoumizwa na kosa hilo, na kwamba sijawahi kuvaa fulana inayodai aachiliwe.

Nayasema hayo mapema kwa sababu watu wengi wakisikia habari za mashabiki wanaomsaidia rapa aliyefungwa hufikiria kelele za kudai uhuru wake. Kelele hizo zina mahali pake, hasa pale ambapo kesi iliendeshwa kwa dhuluma. Lakini baada ya miaka hii yote nimeamini kwamba kazi kubwa ya shabiki ni ile ndogo inayojirudia kila mwezi bila mtu kuiona, na kwamba haitoshi kulibeba jina la msanii mmoja ukauacha muziki uliomlea ufe kimya kimya nje ya ukuta.

Wachicano, yaani Wamarekani wenye asili ya Meksiko waliolikumbatia jina hilo kwa fahari hasa tangu vuguvugu la haki zao la miaka ya 1960, hawakusubiri hip hop ndipo wajue kumsindikiza mfungwa. Mwezi Agosti 1942, huko Los Angeles, kijana aitwaye José Díaz alikutwa akiwa mahututi karibu na bwawa lililojulikana kwa jina la Sleepy Lagoon, akafariki. Polisi waliwazoa vijana wapatao 600, wengi wao wenye asili ya Meksiko, na Januari 1943 vijana 17 wakatiwa hatiani, 12 kati yao kwa mauaji, katika kesi ambayo washtakiwa hawakuruhusiwa hata kuketi pamoja na mawakili wao. Kamati ya utetezi iliyoongozwa na mwandishi na mwanasheria Carey McWilliams ilichangisha fedha, ikachapisha vijitabu na kuwaandikia wafungwa, naye Alice McGrath, katibu wa kamati hiyo, akawa anafunga safari hadi gereza la San Quentin kuwaona. Oktoba 1944 mahakama ya rufaa ilizitengua hukumu hizo. Kinachonigusa katika habari hiyo, kuliko hata ushindi wenyewe, ni wingi wa karatasi: risiti za michango ya watu wasio na uwezo, barua za kuuliza hali, taarifa zilizopigwa taipu usiku. Yalikuwa ni mapenzi yaliyowekewa kumbukumbu.

Halafu kuna redio. Kwa miongo mingi mtangazaji Art Laboe, aliyefariki Oktoba 2022 akiwa na umri wa miaka 97, aliendesha kipindi cha salamu ambacho wake, mama na watoto walipiga simu kumtumia salamu mpendwa wao aliyekuwa gerezani, wakimchagulia na wimbo wa taratibu wa miaka ya 1950 au 1960. Yeyote aliyekulia na vipindi vya salamu ataelewa mara moja uzito wa jambo hilo, kwa maana jina linapotajwa hewani, mwenye jina huwa amefika. Ndani ya seli, mtu aliyekuwa na kiredio kidogo alilisikia jina lake, akausikia wimbo, akajua kwamba saa ile ile nyumbani nao wanausikiliza. Rapa wengi wa Kichicano walilelewa na sauti hiyo, na ndiyo maana nyimbo zao, hata zile kali, mara nyingi hukaa juu ya biti zilizotolewa kwenye nyimbo hizo za zamani, na kati ya ubeti na ubeti husikika salamu kwa walio ndani. Asiyejua chanzo chake hudhani ni majigambo ya uhalifu, wakati salamu hizo ni desturi ya nyumbani iliyohamia studio.

Muziki wenyewe una nasaba ndefu kuliko wanavyodhani wanaoudharau. Mwaka 1990 Kid Frost wa Los Angeles alitoa wimbo "La Raza", ambao wengi huuhesabu kuwa msingi wa rap ya Kichicano. Biti yake ilitoka katika "Viva Tirado", wimbo uliorekodiwa na bendi ya El Chicano mwaka 1970, nao ulitungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na Gerald Wilson, kiongozi wa bendi ya jazi, Mmarekani mweusi, kwa heshima ya mpigana na fahali wa Meksiko. Mweusi alimtungia Mmeksiko, vijana wa mashariki ya Los Angeles wakauchukua utunzi huo wakaufanya wao, na miaka 20 baadaye mtoto wa mtaa akaghani juu yake kwa Kiingereza, Kihispania na Caló, ile lugha ya mtaani ya mapachuco, vijana wa mitaani wa Kichicano wa miaka ya 1940. Mimi niliyezoea kupima shairi kwa vina na mizani nilichukua muda kuzoea ubeti unaoanza kwa lugha moja na kupata kina chake katika lugha nyingine; nilipozoea, niliona kwamba kubadili lugha katikati ya mstari ni ufundi wenye kanuni zake, na kwamba anayebadili bila mpango husikika mara moja.

Baada ya hapo walikuja waliofahamika duniani, Cypress Hill wa South Gate mwaka 1991 wakiwa mbele yao. Chini yao kulikuwa na tabaka nene la wasanii ambao lebo kubwa hazikujua ziwaweke wapi, kwa kuwa redio za Kihispania ziliwaona ni wa Kiingereza mno na redio za hip hop hazikuwa na nafasi yao. San Diego ilikuwa na Lil Rob, Mr. Shadow na Knightowl. Houston ilikuwa na wa kwake. Na miji ya bonde la kati la California ilikuwa na makundi ambayo sifa zao hazikuvuka kaunti mbili. CD ziliuzwa kwenye buti za magari, magulioni, kwenye maduka ya redio za magari, na kwenye maonyesho ya magari ya lowrider, yaani yaliyoshushwa chini na kupambwa, ambako jarida la Lowrider, lililoanza San Jose mwaka 1977, lilikuwa limejenga hadhira kabla hata rap ya Kichicano haijazaliwa. Tunaposema andagraundi katika muziki huu hatuzungumzii ubora wa sauti. Tunazungumzia njia ambayo wimbo ulipita kumfikia msikilizaji, na njia zile zimefungwa karibu zote: maduka ya CD yamekwisha, na jarida lenyewe liliacha kuchapishwa kwenye karatasi mwishoni mwa 2019.

Hapa ndipo kifungo cha msanii mmoja kinapogeuka kuwa tatizo la muziki mzima. Rekodi nyingi za miaka ya 1990 hazimo kwenye huduma za kusikiliza muziki mtandaoni, kwa sababu mkataba ulikuwa wa mdomo, au mwenye lebo amefariki, au sampuli, yaani kipande kilichochukuliwa kwenye wimbo wa mwingine, haikulipiwa, au anayemiliki kazi yuko gerezani na hana mtu wa kumshughulikia. Kazi ya mashabiki ninaoshirikiana nao ni kuzitambua rekodi hizo moja baada ya nyingine: nani alitengeneza biti, nani aliimba kiitikio, nani mwenye haki sasa, na je, yuko tayari irudi sokoni. Ni kazi ya polepole inayochosha, na mara nyingi huishia kwa dada wa marehemu ambaye hajui kama kile kisanduku cha kanda kilichoko kabatini kina thamani yoyote. Sikubaliani kabisa na wale wanaopakia albamu nzima mtandaoni bila kumwuliza mtu yeyote kisha wakajiita watetezi wa utamaduni. Kama mwenye albamu yumo ndani, kila nakala inayosikilizwa bila malipo ni sabuni na stempu ambazo hatazipata.

Wasiolijua gereza la Marekani huniambia kwamba mfungwa analishwa na serikali, hivyo hahitaji fedha. Texas ni miongoni mwa majimbo ambayo humlipa mfungwa sifuri kwa kazi zake nyingi za humo ndani. Anayefua, anayepika na anayelima hatoki na senti. Sabuni nzuri, kahawa, tambi za kuloweka kwenye maji ya moto, karatasi, kalamu na stempu hununuliwa kwenye duka la gereza kwa fedha zinazoingizwa na watu wa nje kwenye akaunti yake, kwa njia zilizoidhinishwa tu, kwa sababu noti iliyotiwa ndani ya bahasha haimfikii. Ninapomshauri shabiki mpya namwambia atume kiasi kidogo ambacho anaweza kukirudia kila mwezi, kwa kuwa mtu aliye ndani hupanga maisha yake kwa kutegemea kinachojirudia, na fedha nyingi za ghafla humtia matatani na wenzake.

Simu nayo ina habari yake. Magereza ya Texas yalianza kuwa na simu za kawaida za wafungwa mwaka 2009 tu. Kabla ya hapo barua ndiyo ilikuwa kila kitu. Connecticut lilikuwa jimbo la kwanza kupitisha sheria ya kuzifanya simu za wafungwa wake kuwa za bure, mwaka 2021, na magereza ya jimbo la California yalifuata Januari 2023. Mtu ambaye hajawahi kulipia dakika za kuzungumza na mfungwa hawezi kujua ni ndoa ngapi na ni tungo ngapi zilikatizwa na gharama hiyo. Maana zipo albamu zilizorekodiwa kwa simu ya gereza: X-Raided wa Sacramento alifanya hivyo katikati ya miaka ya 1990, na Drakeo the Ruler wa Los Angeles akatoa nyingine mwaka 2020, sauti yake ikipita kwenye waya wenye mikwaruzo huku mtayarishaji akiipangia biti upande wa pili. Wote wawili si Wachicano, lakini mashabiki wetu wamejifunza kwao, pamoja na funzo chungu kwamba kila simu inarekodiwa na kwamba shabiki hapaswi kamwe kumwuliza msanii habari za kesi yake.

Jambo hilo la mwisho nalisisitiza kwa sababu nimeona madhara ya mapenzi yasiyo na maarifa. Mashabiki hupenda kuchora. Huchora alama za Waazteki, huandika tarakimu 13 au 14 kwa mapambo, huchagua wino wa bluu au mwekundu kwa kuwa ndio waliouona kwenye jalada la CD, wala hawajui kwamba tarakimu hizo na rangi hizo ndizo zinazowagawa wafungwa wa kusini na wa kaskazini ya California, na kwamba maofisa wa magereza huzisoma kama ushahidi wa uanachama wa genge. Kwa miaka mingi, michoro na barua za namna hiyo zilihesabiwa dhidi ya wafungwa wa California, na waliobandikwa uanachama walitengwa peke yao bila kikomo. Mwaka 2013 wafungwa wapatao 30,000 wa jimbo hilo waligoma kula, na mwaka 2015 serikali ikakubali, katika suluhu ya kesi, kuacha kumtenga mtu bila kikomo kwa sababu hiyo peke yake. Kwa hiyo ninapomwomba shabiki atumie karatasi nyeupe na wino mweusi, aandike habari za kawaida za dunia na kuachana na mapambo, simnyimi uhuru wa kujieleza. Nataka barua yake isimdhuru anayempenda.

Mashairi nayo yamewahi kufanywa ushahidi mahakamani. Rapa Mac Phipps wa New Orleans alihukumiwa kifungo cha miaka 30 mwaka 2001, mwendesha mashtaka akiwa ameyasoma mashairi yake mbele ya baraza la wazee wa mahakama kana kwamba ni ungamo. Aliachiliwa mwaka 2021. Mwaka 2022 California ilipitisha sheria inayomtaka hakimu apime kwa uangalifu kabla ya kuruhusu kazi ya sanaa itumiwe dhidi ya mshtakiwa. Hilo ni jambo ambalo mashabiki wa rap ya Kichicano wanapaswa kuliwekea nguvu zao katika majimbo mengine, kwa sababu muziki huu umejaa wahusika wa kubuni wanaosimulia kwa nafsi ya kwanza, na mwendesha mashtaka mvivu hatatofautisha msimulizi na mtunzi.

Lakini siwezi kuwa nimeishi Houston, nikaupenda muziki huu, kisha nikajifanya kwamba kila aliyefungwa amedhulumiwa. Carlos Coy, anayejulikana kama South Park Mexican, ndiye aliyeionyesha Texas kwamba Mchicano anaweza kuanzisha lebo yake mwenyewe, Dope House Records, akauza kwa mikono yake hadi kampuni kubwa ya Universal ikaja kuingia naye mkataba wa usambazaji mwaka 2000. Mwaka 2002 baraza la wazee wa mahakama lilimtia hatiani kwa kumdhulumu mtoto kijinsia, akahukumiwa kifungo cha miaka 45. Ameendelea kutoa albamu akiwa ndani, na mashabiki wake ni maelfu. Nimeketi katika mikusanyiko ambayo mtoto aliyetoa ushahidi alitukanwa kwa majina ambayo sitayarudia, na watu wazima wenye watoto wao wakicheka. Siku ile niliondoka, na sijarudi. Mfungwa, hata wa kosa zito kuliko yote, anastahili kuandikiwa, kutibiwa, kukata rufaa na kutunga. Hilo nitalitetea mbele ya yeyote. Hakuna wimbo, hata uwe mzuri namna gani, unaompa shabiki ruhusa ya kumrushia matope mtoto.

Na kuna hasara nyingine katika ushabiki wa jina moja. Lebo ile ilikuwa na watu. Baby Bash alipitia hapo kabla ya "Suga Suga" kumtambulisha kwa nchi nzima mwaka 2003; Low-G alikuwa hapo, na walikuwapo watayarishaji, waimba viitikio, vijana wa kuchapisha majalada. Fulana za kudai uhuru wa mtu mmoja zimeuzwa kwa miaka zaidi ya 20, na wengi wa waliokuwa naye studio hawajawahi kuandikiwa hata aya moja.

Rapa wangu, yule wa bahasha iliyorudi, alinifundisha hilo bila kukusudia. Katika jibu lake la tatu hakuomba fedha wala hakuuliza kama watu bado wanamkumbuka. Aliuliza vijana wa sasa wanaghani nini. CD haziruhusiwi kuingia, na redio ya seli haishiki vituo vinavyopiga muziki wa aina hiyo, kwa hiyo alikuwa hajasikia rapa mpya hata mmoja wa Kichicano kwa muda mrefu. Nikaanza kumnakilia mashairi. Kila mwezi nachagua wimbo mmoja wa msanii ambaye hajulikani nje ya mji wake, namwomba msanii huyo ruhusa, nauandika wote kwa mkono, ubeti kwa ubeti, naweka alama mahali pumzi inapokatika na mahali lugha inapobadilika, na chini yake naeleza biti kwa maneno kadiri ninavyoweza: ngoma iko nyuma kidogo, gitaa la besi linapanda kila baada ya mistari minne. Yeye hujibu kwa kusahihisha. Huuzungushia duara mstari dhaifu, huandika pembeni kina mbadala, na mara moja alimsifu binti mmoja wa San Antonio kwa kurasa mbili nzima. Nilimpelekea binti huyo kurasa zile. Aliniambia hakuna mhariri wala mtayarishaji aliyewahi kuyasoma mashairi yake kwa makini namna hiyo.

Tangu 2023 barua zangu hazimfikii tena kama karatasi. Zinapelekwa mahali pamoja nje ya gereza, zinapigwa picha, naye anazisoma kwenye kioo cha tableti, kwa hiyo hawezi kuzungushia duara kitu chochote. Zake bado zinatoka kama zamani, kwenye bahasha anayoipamba kwa kalamu ya kawaida kwa ule mtindo wa wafungwa wa Kichicano wa kuchora kwenye leso, kivuli juu ya kivuli hadi wino unang'aa. Sasa ananakili wimbo mzima kutoka kwenye kioo kwa mkono wake, anausahihisha kwenye nakala hiyo, kisha ananitumia. Kazi yake imekuwa maradufu na majibu yanachelewa. Wimbo wa mwezi huu ni wa kijana wa Corpus Christi, una beti tatu ndefu, na ubeti wa pili una mstari mmoja wa Caló ambao nimeusikiliza mara nyingi bila kuupata sawasawa. Kesho nitampigia kijana huyo simu aniambie mwenyewe alisema nini, ili nisimpelekee rapa wangu neno ambalo kijana hakulitamka.